Wanga Wako Kwenye Aproni Yangu

Mama yangu uliyelala kaburini Koboko,

Nimechoka, kwa hiyo nitaandika kidogo. Mkono wa kushoto bado unauma, na Ayikoru, mjukuu wako, amenilalia mapajani.

Unakumbuka yunifomu za baba? Ulikuwa unachemsha unga wa muhogo, unazilowesha humo, halafu pasi ya makaa, mpaka shati la jeshi linasimama lenyewe. Nikivaa gauni lililolegea, unanicheka: "We mutoto, hii nguo iko mgonjwa? Peleka hospitali!" Kwako nguo bila wanga ilikuwa aibu ya nyumba nzima.

Hapa Mvara nimepata kazi jikoni, nakaanga mandazi. Walinipa aproni ya pamba iliyotiwa dawa ya kuzuia moto. Nikaifua, ikalegea, nikasikia kicheko chako. Basi kila Jumapili nikaitia wanga, nikaipiga pasi. Ilipendeza, Mama.

Siku moja moto ukaruka kutoka chini ya karai. Aproni ikashika moto, ikaniunguza mpaka kiwiko. Ayikoru alikuwa mgongoni. Mama Zubeda, mpishi mkubwa, aliuzima moto kwa kutupiga gunia lililolowa maji. Mtoto hakuguswa.

Kesho yake hakunigombeza. Alikata kipande cha aproni mpya na kipande cha yangu, akavishika kwa koleo juu ya moto. Kile kipya kikawa cheusi, kikafuka moshi kidogo, basi, moto ukafa. Changu kiliwaka kama nyasi za kiangazi.

"Unaona? Dawa iko ndani ya pamba. Inageuza nguo makaa, moto inakosa njia. Wewe unapaka chakula juu, unaita moto ikuje kula!"

"Mama yangu alinifundisha, kwa yunifomu za baba za jeshi."

"Mama yako alikuwa napiga pasi ya paredi. Hapa iko mafuta."

Nikalia, na si kwa ajili ya mkono. Ile kazi ya wanga ulinifundisha ukiwa umeshika vidole vyangu ndani ya beseni, maji ya vuguvugu, unaimba. Kuiacha ni kama kukuacha wewe.

Lakini nina mtoto mgongoni, Mama. Sitii wanga tena.

Unga wa muhogo uliobaki nimepikia Ayikoru uji. Amemaliza kikombe, akalamba hata kijiko. Aproni mpya iko kwenye kamba, imelegea kabisa, mgonjwa wa kulazwa.

Cheka tu. Nitaivaa hivyo hivyo.

Binti yako,
mama Ayikoru