Visanduku vya Shamba la Mama

Jumatatu, 4 Machi
Uji, mvua, kompyuta. Nimemaliza kuchora mashimo ya ngoro, kilimo chetu cha mashimo na matuta mlimani. Shamba lote la mama la hapa Ukata sasa limo kwenye kompyuta, kutoka miti ya kahawa huko juu hadi kijitoni. Goti limemkatalia kufika huko tangu mwaka jana. Nimemwahidi Jumapili baada ya Misa atalitembea humo kwenye kompyuta. Nina raha hadi naimba.

Jumanne, 5 Machi
Mtu wangu niliyemchora atembee humo akipiga hatua, kompyuta inaganda. Kila hatua inauliza kila shimo: umeguswa? Mashimo elfu tatu! Dawa naijua. Mashimo machache nayafunga kwenye kisanduku, visanduku kwenye kisanduku kikubwa zaidi, hadi kimoja kifunike mlima wote. Mguu usipogusa kisanduku, vilivyomo haviulizwi. Kazi ya siku moja.

Jumatano, 6 Machi
Siku moja, eti. Visanduku vipo, na bado inaganda. Nimekasirika mpaka nimeunguza maharage. Majirani wamepita na majembe kwenda kuchimba. Mama aliwaangalia kutoka mlangoni mpaka walipopotea kwenye kona. Nikishindwa Jumapili, sijui nitamtazamaje.

Ijumaa, 8 Machi
Nimechora visanduku kwa mistari myekundu juu ya mlima nilione kosa. Mama akaniletea chai, akasimama.

"Nyasi hizi kalaza nani, mlevi?"

Alidhani mistari ile ni nyasi tunazolaza kwa miraba shambani kabla ya kuchimba ngoro. Nikacheka. Halafu nikaitazama tena mistari.

Mimi nilichimba kwanza, nyasi baadaye. Nilichora mashimo kadiri nilivyoyakumbuka, moja mikahawani, moja kijitoni, kisha nikayafunga kwa mfuatano huohuo. Kila kisanduku kinatoka juu hadi chini, vyote vimepandiana. Mguu ukigusa kimoja umegusa karibu vyote. Mjinga mimi, na Mmatengo mzima!

Nimefuta. Nimeanza kwa kugawa mlima: nusu, nusu ya nusu, hadi mashimo manne jirani kwa kila kisanduku. Mtu wangu anatembea. Nimerukaruka jikoni kama mbuzi.

Jumapili, 10 Machi
Mama hakubadilisha kitenge cha kanisani. Nilimwonyesha vitufe vinne vya kumtembeza mtu wangu. Akaanzia mikahawani, akapita juu ya matuta, akalaumu shimo moja kwamba halina kina. Akashuka hadi kijitoni, akasimama huko kitambo. Kisha akapanda mlima wote, polepole, na hakushika goti hata mara moja.