Sehemu ya Tatu ya Mfalme Baranoki

Mpendwa Baba,

Nimeanza barua hii mara tatu, na kila mara naishia kukuuliza habari za huko uliko, kana kwamba utanijibu. Wacha niingie moja kwa moja. Kuna jambo sikuwahi kukutamkia kwa kinywa changu ukiwa hai. Ile sehemu ya tatu ya Mfalme Baranoki haikufika kambini kwetu, kwenye shamba la chai. Ile niliyokusomea wiki nzima, ukaenda kuisimamia mbele ya kanisa, niliitunga mimi.

Haya, nimesema. Sasa nikukumbushe ilivyokuwa, maana wewe hukupenda habari inayoanzia katikati.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Meneja mzungu wa shamba alikuwa amerudi kwao, na karani wa ofisi, Bwana Langat, akaachiwa sanduku la chai la mbao lililojaa vitabu. Langat alikuwa mtu wa Litein, mpole, mwenye ugonjwa mmoja tu: akipenda kitabu hawezi kunyamaza. Watu wakipanga foleni ya mizani kupimiwa majani, vikapu mgongoni, yeye anawaambia habari za vitabu. Siku moja zamu ikawa yako.

"Mzee, hii kitabu ni mzuri sana," alikuambia. "Iko na mfalme, iko na joka, iko na vita ya miaka saba. Mpatie msichana yako akusomee. Ukikosa kuipenda, rudisha, nitakula karatasi yake yote mbele yako."

Ukaja nyumbani na vitabu viwili vinene vya jalada gumu la kijani, na ramani ndani. Habari moja ndefu iliyokatwa vipande vitatu, sisi tuna viwili. Cha tatu, Langat alisema, kitapatikana tu.

Wewe ulijua kusoma Kiswahili cha darasa la ubatizo, Kiingereza hapana. Mimi nilikuwa darasa la saba. Jumapili baada ya ibada ulikaa kwenye kigoda mlangoni, mimi nikakaa kwenye nyasi, nikasoma kimyakimya mistari michache kisha nikakuambia kwa Kiswahili. Vita vikipamba moto nilihamia Kimaragoli chetu cha nyumbani bila kujua. Mama alikuwa anapukuchua maharagwe akidai hasikilizi upuuzi, lakini maharagwe yalisimama mkononi kila joka lilipotokea.

"Mama, rudia hapo," uliniambia. Uliniita mama kwa sababu nilibeba jina la mama yako, na mpaka leo sijazoea kuitwa vingine.

Jumatatu uliibeba Jumapili yetu ukaipeleka shambani. Wachuma chai wanakwenda kwa mistari, kila mtu na mstari wake, mikono ina kazi lakini mdomo hauna. Ulimsimulia jirani wa kushoto, naye akamrushia wa kwake, hivyo hivyo mpaka ukingoni kwenye mikaratusi. Huko mwisho Baranoki alikuwa ameshaoa mke wa pili. Jioni watu walikuja mlangoni kusahihishwa. "Mzee, sema ukweli, joka iko na kichwa ngapi?" Nawe ulijibu kwa uzito, kama hakimu: "Moja. Lakini moja yenye maana."

Na hawakuja mikono mitupu. Kila aliyepewa Baranoki alikuachia na yeye habari anayoipenda. Nakumbuka yule mama Mkipsigis wa laini ya pili ya nyumba za kambi aliyekuambia, "Yako ni mzuri, siwezi kataa, lakini wewe hujasikia ya chemosit." Akakupa lile zimwi la mguu mmoja la bibi yake, ukakosa usingizi siku mbili. Ukaanza kumsifia chemosit shamba zima.

Tatizo ni kwamba wewe ulijua njia moja tu ya kumpendekezea mtu kitu kizuri, nayo ni ile ya kanisani. Ulisimama katikati ya majani chai na kikapu mgongoni ukatoa ushuhuda. "Bwana asifiwe! Mimi nilikuwa mtu wa kusinzia Jumapili mchana, lakini tangu nisikie mambo ya Baranoki..." Watu wakaitika amina. Amina hizo ndizo zilizomfikia Mzee Zakayo.

Zakayo alikuwa mzee wa kanisa kama wewe, mlikaa benchi moja mbele. Alisikia kwamba katika hicho kitabu kuna mchawi, na mfalme anamuuliza ushauri. Jumapili, kabla ya matangazo, akasimama. "Ndugu yetu hapa anashuhudia kitabu ya uchawi. Na watu wanasema amina! Mimi nauliza, hiyo amina inaenda kwa nani?" Wazee wakakupa wiki moja. Jumapili ijayo ujibu mbele ya watu. Ukishindwa, vitabu vichomwe nyuma ya kanisa, na wewe ushuke kutoka benchi la wazee.

Nililia njia nzima. Wewe ulitembea tu, kofia mkononi. Tulipofika ulisema, "Mama, nisomee mwisho wake. Mtu hawezi kushuhudia kitu hajui kinaishaje." Na kweli, Baba, ushuhuda wa kwetu ndivyo ulivyo. Mtu husimama kwanza akasema ameokoka, halafu ndiyo anarudi kueleza alivyokuwa mlevi.

Nilikimbia kwa Langat. Alilimwaga sanduku lote sakafuni. "Ya tatu hakuna," alisema. "Nafikiri mama mzungu, mke ya meneja, alibeba asome kwa ndege." Chini kabisa kulikuwa na kitabu kingine cha jalada la kijani, unene ule ule. Kilikuwa cha kueleza namna ya kutunza mashine za kukaushia chai. Nilikitazama. Langat akanitazama mimi, kisha akageukia dirishani. "Mimi leo macho inaniuma," alisema. "Sijaona umebeba nini."

Ningeweza kukuambia ukweli. Nimejiuliza miaka mingi kwa nini sikukuambia. Nilikuwa nimekuona akilini umekaa nyuma, karibu na mlango, pale wanapokaa waliochelewa, na picha hiyo ilinishinda. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikayaoga.

Siku ya kwanza nilifungua kile kitabu cha mashine mbele yako, lakini niliogopa mno, Baranoki akatembea tu. Alitembea kutwa nzima, maskini, hata Mama akauliza kama hana farasi. Siku ya pili nikapata moyo. Nikawapeleka watu wa mfalme msituni kulisaka joka, wametandaza mistari, kila mmoja haruhusiwi kuacha pengo, na nyapara yuko nyuma anapiga kelele. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Huyu mzungu alituona wapi?" Kitabu nusura kinidondoke.

Kumbe kudanganya kunanoga, Baba. Naona aibu kusema hivyo, lakini zile jioni za baada ya mizani, jua likiwa bado juu ya majani, zilikuwa tamu kuliko zote nilizowahi kuishi. Nilifungua mchoro wa tanuri na mabomba, nikaona habari yote imekaa pale inaningoja. Joka halikuuawa. Baranoki alilifikia pangoni akaliuliza kwa nini linachoma vijiji, nalo likajibu kwamba tangu lizaliwe hakuna aliyewahi kulipatia kazi. Wakalijengea nyumba ya chuma. Likawa linapumua humo, na pumzi yake inapita kwenye mabomba kukausha mavuno ya ufalme mzima. Mchawi nilimwokoa kwa sababu ya Zakayo. Alitupa fimbo yake mtoni akaanza kulima viazi.

Siku ya mwisho upepo ulichomoa ukurasa mmoja uliokuwa umelegea. Uliuokota wewe. Ulikuwa na picha ya feni kubwa, na vipimo pembeni. Uliutazama, ukanirudishia. "Shika, mama. Usipoteze hata moja." Nilidhani umeona nyumba ya joka.

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Ulisimama ukasema, "Bwana asifiwe. Mwisho wa mfalme huyu nimeusikia kwa masikio yangu mwenyewe." Nilitamani ardhi inimeze. Kisha ukasimulia. Hukuanza na mchawi, ulianza na joka lililokosa kazi, na wanaume waliofika kutoka mbali kutafuta kibarua wakainamisha vichwa. Ulipofika kwenye viazi, mama mmoja akapiga kigelegele. Nyuma nikasikia karatasi zinafunuliwa, watu wanamtafuta Baranoki katika Agano la Kale. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Angalia kwa wafalme wale wadogo wadogo."

Mzee Zakayo akasimama. "Hiyo kitabu isichomwe," alisema. "Lakini haitasomwa kama mimi siko. Lazima mtu achunge." Na akachunga kweli. Jumapili iliyofuata alikuwa mlangoni kwetu kabla hujavua viatu vya kanisani, amebeba kigoda chake, anataka tuanze upya tangu ukurasa wa kwanza.

Ndiye aliyetuletea shida. Kila alikokwenda kuhubiri alimpendekeza Baranoki, na haukupita muda walimu wa Soin na Longisa wakaanza kuja kwa Langat kuazima, tena watu wanaosoma Kiingereza. Viwili walipewa. Cha tatu, aliyetoka Longisa aliambiwa kiko Soin, na aliyetoka Soin akaambiwa kiko Longisa. Langat aliyasema hayo bila kupepesa macho. Mimi kila nikimwona mtu mgeni mwenye kalamu mfukoni, nilijificha. Njia ya mwongo ni fupi, nilikuwa najua, na mwisho wake ulikuwa wewe, jina lako, na benchi lile. Watoto wa kambi nao walikuwa hawapiti karibu na fakitori ya kukaushia chai, wakiona moshi wanasema joka limekasirika.

Nikaenda sekondari, nikaenda chuo cha ualimu. Kila likizo niliapa kukuambia. Kila likizo ulinikaribisha kwa kuniuliza nimesoma nini kizuri, na ukanipa orodha ya habari ulizozikusanya shambani, nani alisimulia nini, ipi nisiikose. Nikaahirisha.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni ulipoacha kuchuma na kuja kuishi nami Litein, nyuma ya shule niliyofundisha. Na hapo hapo Litein, siku ya soko, juu ya gunia la nguo kuukuu, nilikiona. Kijani kile kile. Sehemu ya tatu yenyewe. Nilikinunua, nikaamua kufanya kama mtu mwoga: nitakusomea, utausikia mwisho wa kweli, utajua mwenyewe bila mimi kusema.

Nilikusomea Jumapili tatu. Joka liliuawa mapema sana, kwa mshale mmoja. Baranoki akaingiwa na wazimu, dada yake akaanza kumwekea sumu. Ulisikiliza mikono imetulia magotini, na hukuniambia hata mara moja nirudie. Nilisubiri uniulize. Jumapili ya tatu ukainua mkono.

"Mama."

"Naam, Baba."

"Huyu mtu alianza vizuri, lakini hapa amechoka. Mwekee kitabu yake. Nisomee ile yetu."

Nikasema la kijinga kuliko yote. "Baba, ile... ile sina karatasi yake hapa."

"Kwani wakati ule ulikuwa nayo?"

Hukucheka. Ulijiweka sawa kwenye kigoda, ukafumba macho, ukangoja. Nikaanza kusimulia bila kitu mkononi, na tulipofika kwenye mistari ya msituni ukasema nirudie hapo.

Sijui ulijua tangu lini, na sitakuuliza. Najua tu kwamba kwa miaka mingi nilitembea nikidhani nimekubebesha uwongo wangu. Siku ile niliona kwamba kitabu ulichokisimamia mbele ya wazee, ukaweka benchi lako rehani kwa ajili yake, kilikuwa changu.

Mimi ni mzima, Baba, na moyo wangu umetulia. Mama anakusalimu, anasema bado hasikilizi upuuzi. Siku hizi nimenunua daftari la kurasa mia mbili, ninaiandika ile yetu polepole, na kila Jumapili baada ya kanisa majirani wawili watatu wanakuja na vigoda vyao kunisikiliza. Wakiniuliza kama ni nzuri, ninasimama kwanza ninasema Bwana asifiwe.

Pumzika sasa, mpendwa wangu. Umesikia kutoka kwangu mwenyewe.

Ni mimi, binti yako uliyemwita mama,
Kageha