Mnazi Ulionyolewa

Nyumba ya ukuta wa kijani,
Nyuma ya duka la kinyozi,
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote waliomo humo ndani. Hujambo? Lile goti lako vipi, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na shemeji, kikohozi kimemwacha? Mimi mwili haujambo. Nakula, nafagia, nafua. Mengine utayasoma mbele.

Barua yako niliipata, nikaisoma nimesimama mlangoni na kapu mkononi. Umeuliza habari za mnazi wa kaka yako, kama bado unazaa. Ukasema ukifumba macho unamwona anavyoupiga kofi dogo kila akipita kwenda bafuni, kama mtu anayemsalimia rafiki yake begani. Wifi, nimekuficha jambo miezi kumi. Sikutaka kukuongezea kilio juu ya kilio.

Mnazi umekufa. Uliuawa siku tuliyomzika kaka yako, siku ambayo goti lilikuzuia kuja.

Unamkumbuka jirani yetu kinyozi, yule tunayemwita Wembe. Siku ile sote tulikuwa makaburini. Yeye alibaki nyuma, akaegemeza ngazi, akakata kilele chote cha mnazi, kwa sababu makuti yalikuwa yameinamia paa la duka lake, yanaziba kibao kipya alichokisimamisha juu yake. Tuliporudi, shangazi kanishika mkono huu na mwenzake mkono huu, nikakuta gogo tupu limesimama uani kama nguzo ya umeme. Wembe akanijia na pole zake, makuti yamelala miguuni pake. Nikamuuliza, umefanya nini?

"Nimeunyoa kidogo tu, mama. Utachipua. Mti ni mti."

Watu waliguna. Wengine walimhurumia ujinga wake. Walisema kazi yake kila siku ni kukata kitu kinachoota tena, basi kadhani mnazi nao ni kichwa cha mtu.

Lakini mimi najua, nawe ujue. Kila Jumamosi, miaka kumi na miwili, kaka yako alikaa kwenye kile kiti chake, shuka shingoni, akimsimulia minazi mpaka wateja wengine wakasinzia. Alimweleza kwamba mnazi una moyo mmoja tu, uko huko juu, na ukikatwa huo hauna mwingine. Nilikuwa nawasikia kutoka dirisha la jikoni. Wembe anaitikia "Kumbe!" huku mkasi unalia. Alijua, wifi. Alisubiri tu mwenye mti afukiwe.

Na kaka yako alimpa miche minne, watoto wa mnazi huohuo. Ndiyo ile iliyo mbele ya duka, wateja wanakaa kivulini mwake. Wembe anaipenda mno, makuti anayafuta kwa kitambaa cha sabuni. Mwaka huu ilikuwa inaanza kutoa maua.

Sikumtukana. Unanijua, mimi ni mtu wa kumwomba kuku radhi kabla ya kumfukuza jikoni. Nililiacha gogo lisimame.

Miezi minne iliyopita bwana shamba alipita mtaani, akachungulia juu ya ukuta. Akasema, "Mama, hilo gogo liangushe ulichome. Kuna mdudu mweusi mwenye pembe, anataga ndani ya mnazi uliooza. Watoto wakikomaa wanaruka kwenda kutoboa minazi mizima. Jirani yako ataumia."

Nikamshukuru, nikampa maji ya kunywa, nikamsindikiza mpaka getini. Kisha nikarudi nikalimwagia gogo ndoo mbili za maji, lioze vizuri. Tangu nifiwe sikuwa nimefanya kazi yoyote kwa raha namna ile. Nimeendelea kulimwagia kila asubuhi.

Sasa makuti ya Wembe yamekatikakatika kama yamepitiwa na mkasi. Mnazi mmoja umeshalala. Ijumaa alikuja, kofia mkononi.

"Mama, niruhusu nilikate lile gogo. Nitalikata mwenyewe, nitalibeba mwenyewe."

"La nini? Nalisubiri lichipue."

"Mama, jamani!"

"Si ulisema mti ni mti?"

Akainamisha kichwa. "Basi nisamehe."

"Leo unabisha hodi," nikamwambia. "Siku ile ulimbishia nani hodi?"

Nikafunga mlango taratibu. Kaka yako hakupenda mlango ubamizwe.

Najua unachotaka kuniambia. Ile minne nayo ni ya mkono wake. Nimelifikiria hilo, nikalia, nikafuta uso, nikachukua ndoo.

Sasa nina jambo la kukuomba. Katika kile kilele kilichoangushwa kulikuwa na nazi, na moja niliilaza kivulini karibu na tangi la maji. Imeota. Mche una majani manne. Jumanne nilimkuta mdudu mmoja yuko kwenye shingo yake, nikamchomoa kwa sindano ya kushonea. Mwingine atakuja, na siku hiyo pengine nitachelewa. Nilikaa jikoni mchana kutwa, kiberiti mkononi. Nikilichoma gogo, mche wangu utapona, na minazi ya Wembe nayo itapona.

Kiberiti nimekirudisha kabatini. Mche nakutumia wewe.

Atauleta ndugu yangu, yule shemeji yako dereva, kwenye ndoo ya bluu, ileile ambayo kaka yako alikuwa anaogeshea watoto. Uliniandikia kuwa ua wako unapigwa na jua tangu asubuhi, basi uweke hapo, hatua nane kutoka ukutani. Chimba shimo pana, utandike makumbi ya nazi chini ili yashike maji. Usifukie shingo ya mche. Mwagilia mizizini, usimimine maji katikati ya majani. Kaka yako alikuwa anatumia kikombe chake cha kunyolea ndevu, anasema ndoo ina haraka. Kuti likiwa bado bichi usiliguse. Lingoje likauke, livute kidogo, likikubali litakuja lenyewe. Na kinyozi asiukaribie.

Ukikua usiniletee mbegu. Hapa hapapandwi kitu mpaka gogo lianguke lenyewe.

Nisalimie shemeji na kikohozi chake, nisalimie kitindamimba wako aliyekuwa anaogopa jogoo, na mama mdogo mwambie kitenge chake ninacho. Mwenyezi Mungu awalinde, akuponye goti, na ua wako aujalie kivuli.

Ni mimi wifi yako, mapenzi yangu kwako hayajapungua,
Mke wa kaka yako.

Tena: Kila ukipita karibu na mche, upige kofi dogo kwa niaba yake. Kuna mtu anagonga mlango. Kwa kikohozi namjua, ni Wembe. Acha nitafute gundi ya bahasha kwanza.