Damu Yako Chini ya Hadubini

Mama,

Jumatatu tulichuma chai, mimi na Moraa. Kitindamimba wako bado anachuma huku akilalamika. Shamba la Ikonge halijaota magugu, usiwe na wasiwasi. Lakini si chai inayonifanya nikuandikie.

Unakumbuka siku uliyokuja kuniona kazini maabara, pale Kisii mjini? Ulivua viatu mlangoni kwa sababu sakafu ilikuwa inang'aa, na ukakataa katakata kuvivaa tena. Nilikuonyesha tone la damu yangu kwenye kioo, chini ya hadubini. Nikakueleza kwamba kila chembe nyekundu, ikiwa bado hai, hukusanya mwanga kama lenzi, na umbo lake likiharibika mwanga nao hutawanyika. Ukachungulia, ukaona vidoa vya mwanga vimetulia, ukacheka: "Kumbe nina miwani mwili mzima, na kila Sabato naazima ya jirani nisome Biblia!"

Kisha ukanyoosha kidole, ukataka tuone yako.

Yako ilikuwa ukungu, Mama. Vidoa vilitapakaa. Nikasema kioo kimechafuka, nikakiosha. Ukasema, "Labda zimechoka kama mwenyewe." Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Miezi mitatu baadaye ulishindwa kupanda kilima cha kwetu. Hospitalini wakasema ni ugonjwa wa damu, na tumechelewa. Ukanishika mkono ukaniambia niache kulia, nikale kwanza. Sikuweza kukwambia nilichokuwa nimekiosha. Leo nakwambia.

Wiki jana alikuja mama mmoja muuza ndizi wa Nyakoe, kati ya wale wanaojitolea kutupatia damu ya kufanyia majaribio. Kioo chake kilikuwa na ukungu uleule. Mkono wangu ulishaenda kwenye bomba la maji. Nikaurudisha. Nikamuuliza, "Mama, siku hizi ukipanda mlima unapumzika mara ngapi?" Akajibu, "Siku hizi hata sihesabu." Nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe, na ameshaanzishiwa dawa. Daktari alisema amewahi.

Amewahi! Nilitoka nje nikalia nyuma ya jengo, kwa furaha, na kwa wivu pia, Mama, sitakuficha. Nilitaka neno hilo lisemwe juu yako.

Sasa nakuaga. Nakuahidi sitamwaga tone la mtu yeyote kabla sijamtazama mwenyewe usoni. Siku ile ulikuwa umesimama karibu yangu, miguu mitupu, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye mashine.

Pumzika, mama yangu.

Mwanao,
Kerubo