Habu ya Tyson

Langas, Eldoret
3 Februari 2024

Mwanangu Mildred,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tuko wazima, ni kifua changu tu na hii baridi ya asubuhi, lakini kibanda changu cha baiskeli nafungua kila siku. Huko Uholanzi uko aje? Wale wazee unaowaosha wanakuheshimu? Unajua masikio yangu yaliisha kwa mashine za kiwanda, kwa simu nasikia mvumo tu. Mama Edinah jirani ataipiga hii barua picha akutumie kama kawaida.

Baiskeli imefika. Yule mkimbiaji Kipyego aliileta mwenyewe ndani ya katoni akitoka mbio zake huko, akakataa hata soda. Ndugu yako Tyson ameiweka chumbani anakolala, karani mzima wa miaka ishirini na nne! Lakini Mildred, umetuletea nini? Ni nyeusi, ni nyepesi, inapendeza, ila haina kitu. Haina waya, haina breki ya mkono, mbele gurudumu moja la meno, nyuma moja. Mafundi wenzangu wamecheka, ati huko Ulaya wamemtumia Tyson baiskeli kabla hawajaimaliza. Yeye anasema ina gia mbili na inajibadilisha yenyewe. Nimezungusha pedali nusu saa, gia sijaziona. Hebu nieleze.

Ni mimi baba yako,
Mzee Shitanda


Utrecht
15 Februari 2024

Baba mpendwa,

Nakusalimu sana, na kifua chako nakiombea. Mimi niko salama, baridi tu. Aki umenichekesha, nimeisoma mara tatu.

Huku vijana wanapenda baiskeli za gia moja, zile ambazo gurudumu likienda na pedali lazima ziende. Hii yenu imefanywa ifanane nazo, ndiyo maana iko uchi hivyo, lakini si ile. Kila kitu kiko ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma. Humo kuna vyuma vidogo vizito. Ukishika mwendo vinatupwa nje, gia kubwa inaingia yenyewe, unasikia tak! Ukipunguza mwendo, inarudi ndogo. Breki iko humo humo: unakanyaga pedali kurudi nyuma, inashika. Hiyo ndiyo breki pekee, baba, hakuna nyingine.

Kwa hivyo tafadhali usiifungue. Nakujua. Redio ya marehemu mama uliifungua ukisema ni dakika tano, mpaka leo haijaongea.

Binti yako,
Mildred


Langas
10 Machi 2024

Mwanangu Mildred,

Natumai hujambo. Huku tuko sawa, mvua imeanza kunukia.

Usinikasirikie. Nimeifungua. Tyson akipanda kilima cha kwenda Plateau, akijikaza kidogo tu gia nzito inaingia katikati, miguu inakwama. Na ule mlio mimi siusikii, lakini wenzangu kibandani waliusikia wakasema, Shitanda, hiyo ni bearing imevunjika. Ningekaa tu, fundi wa miaka thelathini? Nimefungua, nimeosha kila chuma kwa mafuta ya taa, nimepaka grisi, nimefunga. Sasa hailii tena. Wale wameacha kucheka. Tyson aliijaribu hapa mbele ya kibanda akaniambia, mzee, wewe ni moto.

Jumamosi anaenda nayo na wenzake mpaka Timboroa. Nimemwambia abebe sweta.

Baba yako


Utrecht
12 Aprili 2024

Baba,

Nakusalimu. Uko aje? Unakula?

Mimi niko. Nimeenda kazini kila siku tangu siku ile. Naosha, nalisha, natandika vitanda. Sijalia. Nangoja nilie, hakuji kitu. Makaratasi yangu hayakuniruhusu kusafiri, hiyo unajua, kwa hivyo mazishi ya Tyson niliyaona kwa simu. Mtandao wa kule bomani Malava ulikuwa unakatika. Niliona jeneza likiteremshwa, lilipofika katikati picha ikasimama, na nikabaki nimelitazama hapo hapo mpaka saa yangu ya kuingia kazini.

Mama Edinah amenieleza ya siku ya kunyoa nywele, ukoo ulipokutana baada ya mazishi. Ati baba mkubwa Lazarus aliuliza mbele ya ukoo, kama desturi, kifo hiki kimetoka wapi, mwenye kujua aseme. Na watu wakasema kimetoka Ulaya kwa dada yake, amemtumia baiskeli isiyo na breki. Ati sasa nisikanyage boma, hata kaburi lake nisilione, mpaka wazee waseme tena.

Baba, ulikuwa umekaa pale mbele. Wewe ulisema nini?

Mildred


Langas
28 Aprili 2024

Mwanangu,

Nimepata barua yako. Nashukuru kusikia uko mzima. Mvua imeshika vizuri, watu wamepanda, mimi pia nimepanda kile kipande cha nyuma ya nyumba. Kibanda bado sijafungua. Uji nakunywa.

Uliuliza nilisema nini. Siku ile nilikuwa nimekaa kama gunia. Watu walikuwa wengi, na masikio yangu unayajua. Baba mkubwa naye akishasema amesema. Tuache haya mambo yapoe. Kuja kwa sasa usihangaike.

Baba yako


Langas
7 Julai 2024

Mwanangu Mildred,

Salamu. Mwezi wa tano nilingoja barua yako, wa sita nikangoja. Mama Edinah nimemchosha kwa kumuuliza. Mahindi yamefika kifuani. Hayo ndiyo ya nyumbani, sasa wacha niandike yale mengine.

Siku ile nilipofunga habu, kichuma kimoja kilibaki mezani. Kidogo, kimepinda kama ukucha. Kwetu mafundi hiyo ni kawaida. Ukifunga kitu na kimoja kibaki, unajaribu, ikienda basi kile kilikuwa cha bure, unakitupa kwa mkebe. Nimefanya hivyo kwa baiskeli sijui ngapi, na wenyewe wakarudi kunishukuru. Hii pia nilijaribu ikaenda. Breki ikashika, hapa Langas kwenye tambarare.

Timboroa ni mteremko. Wenzake waliniambia walimwona akikanyaga kurudi nyuma, anakanyaga, anakanyaga, pedali zinazunguka bure tu, mpaka kwa lori lililokuwa limeegeshwa. Ulijua ya lori. Ya pedali sikukuambia.

Wiki jana nilimwaga mkebe nikakitafuta. Baiskeli iko hapa, fremu imevunjika lakini habu ni nzima. Nikaifungua tena, nikakiweka. Kikaingia pahali pake. Nikakanyaga nyuma kwa mkono, gurudumu likashika, halikusonga hata kidogo. Nimekaa chini hapo mpaka mama Edinah akaja kuniinua.

Na baba mkubwa alipouliza, nilisikia. Alikuwa amesimama karibu yangu na aliuliza mara mbili. Niliwaacha wakutaje. Ni mimi nilimuua Tyson kwa mkono huu, kisha nikakupa wewe ubebe.

Baba yako


Utrecht
21 Julai 2024

Baba,

Salamu nimezikosa, unisamehe hiyo.

Nilijua. Alhamisi, kabla ya ile Jumamosi ya Timboroa, Tyson aliniandikia kwa simu. Maneno yake ni haya: “Sista, breki imekuwa laini tangu mzee aifungue. Lazima nikanyage kwa nguvu. Lakini usimwambie, wenzake watamcheka pale kibandani. Nitampelekea Jumatatu tukiwa wawili.”

Nikamjibu, sawa.

Hiyo sawa ni yangu, baba. Sitakupa wewe.

Nilipokuuliza ulisema nini, nilikuwa nakupa nafasi. Ukaniandikia habari ya mvua. Ningeweza kumtumia baba mkubwa ujumbe wa Tyson siku hiyo hiyo. Sikutaka. Nilitaka itoke kwako. Nikajiambia, siku atakayosema nitalia. Sasa umesema, na niko hapa kavu kama mbao.

Barua haitoshi. Nenda Malava. Waite walewale waliokuwa siku ya kunyoa, simama, useme kwa mdomo wako.

Mildred


Langas
19 Agosti 2024

Mwanangu Mildred,

Natumai barua hii inakukuta salama. Mimi naendelea.

Nimeenda. Walikuja wengi kuliko nilivyofikiri. Nilisimama nikasema yote, na kichuma nikawaonyesha. Nilidhani watanipigia kelele. Shangazi yako Nanzala aliinuka akatoka nje, hajaongea na mimi mpaka leo. Baba mkubwa alikishika, akakigeuza geuza, akanirudishia mkononi. Akasema, Mildred hana neno, boma ni lake, aje wakati wowote anaotaka. Kwangu akasema nisiguse baiskeli ya mtu mpaka mwaka wa kumwomboleza Tyson uishe. Kisha akaondoka bila kunipa mkono. Ni kaka yangu, tulinyonya ziwa moja.

Kibanda nimempa mtu mwingine. Si kwa sababu ya amri yake. Nikishika spana nairudisha mezani.

Hata mimi silii. Nalala, naamka, nalisha kuku. Nimefagia chumba chako nikabadilisha shuka pia. Njoo, mama. Uje hata kama ni kunitukana.

Baba yako


Utrecht
30 Novemba 2024

Baba,

Nakusalimu. Natumai uko mzima na kifua kimetulia. Mimi niko mzima.

Makaratasi yametoka. Nafika Eldoret tarehe ishirini na moja Desemba. Usije kunipokea. Nitaenda kwanza Malava kwa kaburi, na huko nataka kuwa peke yangu. Halafu nitakuja Langas, lakini nitalala kwa mama Edinah, tumeshaongea. Asante kwa kufagia chumba. Nikilala chini ya paa lako naogopa nitaamka nikiwa nimekuchukia, na sitaki, wewe ndiye umebaki.

Asubuhi nitakuja tunywe chai. Usiniulize kama nimekusamehe. Sijui, na ukiniuliza nitaondoka. Tukae tu.

Weka vikombe viwili. Najua mkono wako utataka kutoa vitatu.

Binti yako,
Mildred