Bibi Hanywi Maji Baridi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujasoma lingine lolote, pokea salamu zangu, na umfikishie wifi zake. Goti lake limepona? Sisi huku wazima. Shemeji yako amenenepa, ingawa anadai ni shati ndilo limerudi.

Habari kubwa ni kwamba injini zangu zimefika saba. Cheka tu. Shemeji yako naye huwaambia wageni kwamba aliposa mke akaletewa gereji. Lakini wewe umekulia kwenye mashine ya kusaga, unajua. Injini hizi za kale haziendi popote. Zimefungwa sakafuni, kazi yao ni kuzungusha mkanda tu, na bado watu hutoka mbali kuja kuzisikiliza. Moja inakohoa. Nyingine inapiga tuk, inanyamaza mpaka udhani imekata roho, halafu tuk tena. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alikuja kulalamikia kelele. Sasa ana mbili zake.

Ya saba ni Bibi. Naam, Bibi yule yule aliyezungusha mashine ya baba. Nilimkuta kwa muuza vyuma chakavu, amelala ubavu, nikamtambua kwa kiraka cha shaba ambacho baba alikipigilia kwenye tangi la maji.

Fundi wa kuchomelea alipokwangua rangi, ukaonekana ule ufa wa bloku, kiwiliwili chenyewe cha injini. Akasema huo ni ufa wa maji baridi juu ya chuma cha moto, akauliza ni mjinga gani aliyefanya hivyo. Nikamjibu ni mimi.

Kaka, ni mimi. Unakumbuka wimbo wa baba, kwamba Bibi hanywi maji baridi akiwa na hasira. Asubuhi ile zamu ilikuwa yangu. Nilizama kwenye barua ya shemeji yako, enzi zile bado anajipendekeza, maji yakachemka mpaka yakaisha. Nilipoona mvuke umekatika nikaingiwa na hofu, nikammiminia ndoo nzima. Nikasikia ta! Nikamzima, nikapangusa, nikakukabidhi zamu huku nakutazama usoni. Ufa ulipogunduliwa kwenye zamu yako, baba akakuambia mbele ya wateja kwamba mkono wako si mkono wa mashine, nilikuwepo, nikajifanya nafagia unga. Ukaenda kuwa karani, na tangu siku hiyo hujagusa hata spana. Baba amekufa akiamini hivyo. Nimeona aibu miaka thelathini na mmoja, na sina cha kujitetea.

Nisamehe ukiweza; ukishindwa, nitaelewa. Ufa umezibwa, mafuta yamo, maji yamo. Wengi wameniomba wamwashe, shemeji yako akiwemo, nimekataa. Hendeli ya kumzungusha awake ataishika mtu mmoja tu, nawe unajua ni nani.

Wasalimie watoto wote. Wamekua wakitaniwa kwamba baba yao alipasua injini ya babu yao, basi wakusanye uwasomee barua hii kwa sauti, usiruke neno, na uwaambie imeandikwa na shangazi yao.

Mimi mdogo wako,
Kitindamimba