Thamani ya Kinachobaki

Jumatatu, 3 Machi

Imetangazwa rasmi. Ile kampuni ya data za fedha ninayoichambua kwa mwaka wa nne sasa inagawanyika Ijumaa. Kampuni mama inabaki na kazi ya kuuzia mabenki bei za hisa na taarifa za mikopo. Idara ya bei za nyumba na viwanja inajitenga, inakuwa kampuni yake – mtoto, ndivyo tunavyoiita hapa ofisini – na makao yake yatakuwa nchi nyingine.

Mchana tulikuwa kwenye simu ya pamoja, wachambuzi wote na uongozi wao. Redio ndiye aliyeendesha. Sauti ile ile iliyompa jina hilo enzi anakaa meza inayotazamana na yangu. Miaka miwili sasa yuko kwao, msemaji wao kwa wawekezaji. Nikauliza swali langu. Akasema asante kwa swali zuri, kama anamjibu mtu baki.

Jibu lake sikulisikia. Nikamwomba Miwani, jirani yangu wa sasa, anionyeshe alichoandika yeye.

Jumanne, 4 Machi

Mama yangu mzazi kapiga simu. Kasikia kwenye habari kwamba kampuni "yangu" inavunjika, akadhani nimepoteza kazi. Nikamweleza kwamba mimi naipigia hesabu tu, nawaambia wenye fedha kama hisa zake zinafaa. Chukulia mtu ana nyumba yenye duka mbele, nikasema. Duka likipata hati yake, nyumba iliyobaki ina thamani gani?

"Inategemea choo kimebaki upande gani."

Nilicheka mpaka machozi. Kisha akauliza, na yule kijana mwenye sauti? Nikasema yuko. Yuko wapi? Nikasema mtandao unakatika.

Yuko pale pale. Mchambuzi haruhusiwi kuandika juu ya kampuni anayofanya kazi mtu wake wa karibu. Redio alipohamia kwao tulikuwa ndio kwanza tumeanza kupendana. Kampuni ile ndiyo iliyonipa jina kazini, na kwake yeye hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiitafuta. Tukasimama pale penye maegesho, tukakubaliana tungoje kidogo. Kidogo hiyo haijaisha.

Alhamisi, 6 Machi

Wametualika wachambuzi ofisini kwao. Ghorofa ya tano watu wamebanana, simu zinalia. Ya sita ni ya wanaohama. Madawati matupu, nyaya zinaning'inia, viyoyozi vinanguruma, taa zote zinawaka. Nikamuuliza mhasibu wao, mama mmoja mcheshi, pango la huku analipa nani.

"Sisi tunaobaki. Mkataba bado mrefu, mwanangu."

Na mitambo ya kompyuta kule chini?

"Sisi hao hao."

Nilikuwa naandika hayo nilipomwona Redio kwenye kona, anapanga vitu vyake kwenye boksi. Nilidhani anabaki na kampuni mama. Akaniona.

"Jirani," akasema. Ndivyo alivyokuwa akiniita.

"Na wewe unakwenda?"

"Jumapili ya wiki ijayo. Nilitaka nikwambie mwenyewe."

Watu wote wale wamesimama. Nikamtakia safari njema. Safari njema! Kama nimemkuta kituoni. Nilipofika kwenye gari nilikaa muda mrefu kabla ya kuliwasha.

Ijumaa, 7 Machi

Wametengana. Hisa ya kampuni mama imefungua soko kwa bei ya chini sana na wateja hawakutuacha tupumue. Nawaeleza mmoja mmoja: haijaanguka, mmepewa pia hisa za mtoto, zijumlisheni kwanza.

Wachambuzi wenzangu wa kampuni nyingine wameshatoa tathmini mpya. Wote wanaimba wimbo mmoja. Mabenki hulipa ada ya mwaka mzima, hawayumbi soko la nyumba likiyumba, kwa hiyo faida iliyobaki ni tulivu na inastahili kulipiwa ghali zaidi. Zamani bei ya hisa ilikuwa mara kumi na nane ya faida yake ya mwaka. Sasa wanasema ishirini na tano.

Nakubali nusu. Hakuna aliyeiweka ghorofa ya sita kwenye hesabu. Mapato ya mtoto yameondoka, pango na mitambo vimebaki. Mimi naishia ishirini na moja.

Nimeichora ile ghorofa kichwani mara nyingi leo. Ile kona kila mara.

Jumatatu, 10 Machi

Mkuu wetu kaniita. Ana ripoti yangu mkononi, kaizungushia wino mwekundu.

"Wenzako wote wako juu. Wewe unang'ang'ania nini?"

Nikamwambia nilichokiona. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema nimesimama pale kwa miguu yangu. Akatia saini.

Nikadhani yameisha. "Na mtoto mchukue wewe," akasema. "Nani anamjua kama wewe?" Kampuni mbili, na cheo juu yake. Miwani alikuwa ameiomba hiyo kazi, nilimwona akiinamia kibodi yake. Nikaomba siku mbili. Mkuu akashangaa. Mimi pia.

Jumatano, 12 Machi

Nimemkatalia mkuu.

"Kuna mtu wangu kule," nikasema.

"Tangu lini?"

"Nataka iwe tangu leo."

Akanikazia macho, akasema basi Miwani aichukue, na nikifikia kufunga mizigo kumfuata huyo mtu wangu nimwambie mapema. Kufunga mizigo! Sikuwa nimefika huko. Au nilikuwa nimefika, nikarudi.

Simu za mezani zinarekodiwa. Nikatoka kwenye ngazi, nikampigia Redio kwa yangu.

"Mtoto nimemwachia mwenzangu. Sitaandika habari zenu."

"Jirani, sema tena taratibu."

Jumapili, 16 Machi

Alifika asubuhi na mabegi yake yote. Hakulala, alikuwa anafunga nyumba. Nikampa chai, akasema bado naipika nyeusi kupita kiasi, akanywa vikombe viwili.

Kisha akaniambia. Kampuni mama bado ina nafasi yake ghorofa ya tano. Anaweza kuwajibu hata leo. Lakini akirudi kule, anarudi kwenye kampuni ninayoiandika, na sheria ni ile ile. Mimi ndiye nitakayelazimika kuiacha hiyo pia.

"Usinijibu haraka," akasema. "Ngoja ninyooshe mgongo kidogo."

Amelala kwenye kochi langu, viatu viko mlangoni, mkono mmoja umegusa zulia. Hata akilala anaunguruma kwa sauti ile. Dereva wa kumpeleka uwanja wa ndege yupo chini, nimeliona gari kutoka dirishani. Simu ya Redio inatetemeka mezani, dereva anamwita. Mara ya pili sasa. Nimeiwekea kitambaa chini isigonge mbao. Naandika taratibu, na bado sijamwamsha.